Saa Tisa ya Nesi Mwanahawa

Ujumbe wa Deo ulinikuta jikoni nikichambua mchicha. "Tunu, yule nesi wetu wa mlimani amefariki. Arobaini ni Jumamosi. Nimeona ni vizuri ujue." Nesi wetu! Nilimkasirikia kwa maneno hayo mawili, kisha nikajikasirikia mwenyewe, maana kama kuna mtu asiye na haki ya kujifanya ana uchungu siku ile, mtu huyo ni mimi. Deo na mimi hatujaonana miaka mingi. Yeye yuko Dar, ana kampuni, ana kitambi, na kila sikukuu ananitumia picha ya maua yenye maandishi ya dhahabu. Hatujagombana. Kuna mwaka mmoja tu ambao hatuuzungumzii, na huo ndio ninaouandika hapa, kabla sijapata kisingizio kingine cha kuuacha.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo juzi tu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba moja ya Mji Mpya, Morogoro mjini. Upande mmoja kulikuwa na mashine ya kusaga, kwa hiyo kila asubuhi nilianza kazi kwa kupuliza unga kwenye kibodi. Upande wa pili kulikuwa na saluni, na kwa kuwa ukuta haukufika darini, mambo yote ya saluni yalikuwa mambo yetu: nani kaachwa, nani kanunua kiwanja Kihonda, nani mafuta yake ya nywele ni feki. Mchana tulikula wali maharage wa mama lishe wa pale nje, sahani juu ya mapaja, kwa sababu meza ilikuwa imejaa nyaya. Dirisha lilitazama Uluguru. Mpaka saa nne mlima ulikuwa hauonekani kwa mawingu, halafu ghafla unauona wote, na mashamba yake yaliyoning'inia. Deo, aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi na mwenye akili kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye meza moja, alipenda kuunyooshea kijiko. "Kule," alikuwa anasema na wali mdomoni, "mtandao hakuna. Na kule ndiko kwenye wagonjwa."

Wafadhili walikuwa wametupa kazi ya kutengeneza programu ya kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati kumi na mbili za mlimani, upande wa Matombo. Waliokuja kabla yetu walikuwa wameweka hifadhidata yao, yaani ghala la kumbukumbu zote, kwenye seva moja, kompyuta kubwa huko Dar, na kila zahanati ilitakiwa kuipigia hodi kwa mtandao. Nesi anabonyeza, kiduara kinazunguka, mgonjwa anapona mwenyewe au anakata tamaa na kuondoka. Deo alikuja na wazo jingine. Katika kazi yetu kuna kitu tunakiita maktaba, yaani kazi ambayo wengine wameshaiandika, nawe unaichukua na kuipachika ndani ya programu yako ikawa kiungo chake. Yeye alipata maktaba ambayo ni hifadhidata nzima. Ukiipachika, programu haiombi tena kitu kwa mtu, inatembea na ghala lake tumboni. Kila kishikwambi (siku zile tulikuwa bado tunaviita tableti, lakini hili la kishikwambi nalipenda zaidi) kilikuwa na nakala yake ya kumbukumbu za wagonjwa wote, na vishikwambi viwili vikikaribiana vinaambiana: kwangu kuna hiki kipya, kwako je? Kila Alhamisi dereva wa pikipiki ya chanjo alipanda mlima na kishikwambi chake mfukoni, akipita zahanati moja hadi nyingine, na habari zikasambaa pamoja naye kama umbea. Mpaka leo naona lilikuwa wazo zuri sana. Nasema hivi mapema ili msomaji asidhani namtafutia Deo ubaya.

Tatizo la wazo hilo ni dogo na linajulikana. Vishikwambi viwili ambavyo havijakutana vinaweza kuandikiwa mambo tofauti kuhusu mgonjwa yuleyule. Vikikutana, nani aaminiwe? Maktaba ile ilikuwa na jibu lake tayari: aliyeandika mwisho, kwa kufuata saa, ndiye mwenye neno. La kwanza linawekwa chini, kimyakimya. Tulilijadili jibu hilo kwa muda wa kunywa soda moja, tukaona linatosha. Mimi sikuhusika sana na mambo ya tumboni, mimi nilipewa uso wa programu, zile kurasa ambazo nesi anaziona, na nilijivunia kwamba zote zilikuwa Kiswahili kitupu. Hakuna "login" wala "save". Kishikwambi kikizimika kabisa na kusahau saa, kilipowashwa kilimuuliza mtu kwa adabu: "Sasa ni saa ngapi?" na visanduku viwili vya kujaza, saa na dakika. Ukurasa huo niliuandika kwa mkono wangu, nikauonyesha mpaka kwa wale wa saluni, nao wakasema ni mzuri.

Nesi Mwanahawa alikuwa zahanati ya juu kabisa, mwisho wa njia, mahali ambapo gari linakuacha na unamalizia kwa miguu. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, mzaliwa wa kulekule, sare yake nyeupe imepigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo inakata. Nilipanda kwake kumfundisha siku mbili. Wagonjwa alikuwa anaongea nao Kiluguru, na mimi Kiswahili cha polepole, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Alijifunza haraka, ila aliandika kila kitu kwa herufi kubwa, na kila akimaliza alisoma kwa sauti alichoandika huku akifuata kwa kidole. Chumba chake cha kulala kilikuwa nyuma ya zahanati, kitanda kimoja, na mikungu ya ndizi imesimamishwa ukutani ikingoja kuiva. Tulilala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake. Siku ya pili, nikiwa nafunga begi, aliniuliza, "Mwanangu, na kwenye daftari niandike pia?" Nikacheka. "Hakuna haja, mama. Daftari tumeachana nalo." Alilitazama lile daftari kubwa lenye jalada la kijani, akalisukuma chini ya meza kwa mguu. Nimekumbuka mguu ule mara nyingi kuliko ninavyokumbuka sura ya mama yangu.

Masika yakaja. Jua likapotea kwa siku nyingi, na paneli za sola zilizolisha vishikwambi zikalala njaa. Cha Nesi Mwanahawa kilizimika kabisa. Asubuhi moja jua likatoka, kikawaka, kikamuuliza kwa Kiswahili changu kizuri: sasa ni saa ngapi? Ilikuwa saa tatu asubuhi. Akajaza tatu. Wewe ungejaza nini? Angeulizwa kwa Kiingereza angejibu tisa bila kufikiri, maana chuo cha uuguzi alipita na dawa aliziandikia muda kwa saa za Kizungu. Lakini aliulizwa kwa lugha yake, akajibu kwa hesabu ya lugha yake. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, kompyuta huanza usiku wa manane, na kati yao kuna saa sita. Mimi, Mswahili mwenye cheti, niliuliza swali kwa Kiswahili nikapokea jibu kwa Kizungu. Ofisini hatukuliona kosa hilo hata mara moja, kwa kuwa ofisini kulikuwa na mtandao na saa zilijiweka zenyewe.

Kilichofuata nilikisikia kwanza kupitia ukuta wa saluni. Nilikuwa nakula, na mwanamke mmoja aliyekuwa anasukwa, mwenye lafudhi ya mlimani, alikuwa anasimulia. "Zaituni, mtoto wa shangazi yangu, ana mimba yake changa, kapandisha homa mpaka hajitambui. Tukamshusha kituo cha chini. Wakatazama kwenye mashine yao, imeandikwa hana dawa inayomdhuru. Wakamchoma penisilini. Weee! Alivimba uso mpaka macho hayaonekani. Tumeponea chupuchupu, na mimba imetoka." Msusi akauliza kwani hawakujua. "Nesi wa juu alijua! Wiki tatu nyuma alimtibu mwenyewe, dawa hiyohiyo ilipomkataa. Hakuandika. Wamepewa mashine za kuandikia, hawaandiki, wanacheza gemu." Deo aliacha kutafuna. Tulitazamana, na sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Namwambia msomaji ukweli: nilimhukumu Nesi Mwanahawa palepale, kijiko mkononi. Niliwaza, angalia, unawafundisha na bado.

Siku mbili baadaye wakubwa wake walituletea kishikwambi chake ndani ya bahasha ya kaki. Swali lao lilikuwa moja. Yeye anasema aliandika, kwenye programu haipo. Je, aliandika au hakuandika? Barua yetu ndiyo ingeamua. Deo akanipa mimi, nikafungua tumbo la programu, ile sehemu ambayo hifadhidata huweka historia ya kila kilichowahi kuingia, hata kilichoshindwa. Haikuchukua muda. Wiki tatu kabla ya ile sindano, karani wa kituo cha chini alimwandikisha Zaituni saa nne asubuhi, yaani kumi kwa hesabu ya kompyuta, akajaza: dawa zinazomdhuru, hakuna. Wakampa vidonge vya penisilini kwa ajili ya kidonda, akapanda mlima, akameza, midomo ikavimba, akakimbilia kwa Nesi Mwanahawa. Chini yake yakafuata maandishi ya nesi, kwa herufi zake kubwa: PENISILINI ASIPEWE KABISA. MIDOMO IMEVIMBA. NIMEMTIBU AMEPATA NAFUU. Ilikuwa saa tisa alasiri, yaani kumi na tano kwa hesabu ya kompyuta, lakini kishikwambi kilichokosewa saa kiliandika tisa, saa sita nyuma. Alhamisi, pikipiki ilipopita, programu ikalinganisha tisa na kumi, ikaona kumi ndiyo ya mwisho, na onyo la nesi likawekwa chini kimyakimya. Nililisoma mara tatu. Halafu nikaenda nje nikasimama kwenye kelele za mashine ya kusaga, nikajifuta mikono kwenye sketi kana kwamba nimeshika kitu kibichi.

Nilipomwonyesha Deo, alizungusha kifuniko cha soda mezani. Hakuwa mtu mbaya. "Wafadhili wanakuja mwezi ujao," akasema. "Wakisikia hili wanafunga. Zahanati zote kumi na mbili zinarudi kwenye madaftari yanayoliwa na panya, ambayo yameshaua watu wengi kuliko sisi. Tutarekebisha, Tunu. Leo hii tunaanza. Yeye atapewa onyo tu." Nikamwuliza, "Una hakika ni onyo tu?" Akasema, "Nimeuliza." Nilitaka kuamini, nikaamini. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia Deo, ingawa alilijua: ukurasa wa saa ulikuwa wangu. Barua niliiandika mimi. "Baada ya uchunguzi, hakuna taarifa iliyohifadhiwa na mtumiaji kwa tarehe husika." Nikaisoma tena, nikarekebisha nukta, nikagonga muhuri.

Haikuwa onyo. Walimshusha cheo na kumhamishia upande wa Gairo, nchi kavu ya mahindi na karanga, yeye aliyezaliwa kwenye migomba na aliyebakiza miaka michache astaafu. Niliposikia nilipanda mlima kwenda kumwambia. Nakumbuka kila hatua ya njia ile, kwa sababu nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nilimkuta anafunga vyombo. Aliviacha, akanikaribisha kama mgeni wa heshima, akapika magimbi kwa nazi na chai ya mdalasini, na muda wote tunakula watu walipita nje ya dirisha bila kuita hodi. Alikuwa amekonda. Mwishoni akaweka kikombe chini. "Mwanangu, wewe ndiye mtaalamu. Hebu niambie kwa uwazi, mashine inaweza kusahau?"

Hapo ndipo palikuwa mlango. Aliufungua yeye mwenyewe, mpana, na mimi nilikuwa na maneno yangu yote mdomoni. Niliwaza barua yenye muhuri wangu, nikawaza kazi, nikawaza atakavyonitazama. Nikasema, "Mashine haisahau, mama." Na hata hilo lilikuwa kweli, ndiyo ubaya wake. Alitikisa kichwa polepole, akaangalia vidole vyake. "Basi ni mimi," akasema. "Nilikuwa naona kabisa mkono wangu ukiandika. Uzee huo." Akaniwekea gimbi jingine kwenye sahani, na nikalila.

Tutarekebisha, Deo alisema, na kweli tulirekebisha. Tuliondoa ile kanuni ya saa. Programu ikafundishwa kwamba maandishi mawili yakigongana, yote mawili yabaki, na mhudumu aonyeshwe yote aamue mwenyewe. Ukurasa wangu ukauliza kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku, na ukakubali saa kama wanavyohesabu watu. Wafadhili walikuja wakafurahi, na miaka mingi baadaye nimekutana na manesi wanaoisifu bila kujua nimo. Ikawa programu nzuri. Inaniuma kuandika hivyo. Watu hudhani mtu anayenyamaza hunyamaza mara moja, lakini mimi nilinyamaza upya kila mwezi. Mwanzoni niliogopa kupoteza kazi. Kazi nilipoiacha, niliogopa kuulizwa kwa nini nimechelewa kusema, na kila mwaka uliopita ulilifanya swali hilo kuwa gumu zaidi. Alipostaafu akarudi mlimani nilisikia. Nauli ya kwenda huko nilikuwa nayo siku zote.

Jumamosi nikaenda. Barabara imetengenezwa kidogo, zahanati ina bati jipya. Nyumbani kwa marehemu wanaume walikuwa wamekaa kwenye jamvi uani, wanawake nyuma wakipakua pilau, na nilipotoa salamu za rambirambi hakuna aliyeniuliza mimi ni nani, wakanipa maji ya kunawa. Aliyenitambua ni binti yake, Mwajuma, mwalimu wa shule ya msingi. Alinijia akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniweka kando ya chungu. "Wewe ndiye dada wa kompyuta. Mama alikueleza vizuri, hata hicho kidoti shavuni. Alisema ukija siku yoyote nisikuache uondoke kabla sijakuuliza." Nikasema, "Uliza." Alikuwa na macho ya mama yake, na hayakuwa na hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Mama aliishi vibaya tangu mwaka ule, dada. Alikuwa haandiki hata orodha ya sokoni mpaka aniite nione. Miezi ya mwisho alikuwa anaamka ananiuliza, Mwaju, niliandika au sikuandika? Mimi nitamjibu nini? Sikuwepo."

"Aliandika," nikasema.

Mwajuma hakuniuliza nina hakika gani. Aliniachia mkono, akageukia wale wanawake, akasema kwa sauti ya darasani, "Nyamazeni kidogo. Rudia, dada. Rudia wasikie." Miiko ikasimama. Nikarudia. Nilisema aliandika siku ileile, saa tisa alasiri, kwa herufi kubwa, kwamba mgonjwa asipewe penisilini kabisa. Nikasema kosa la saa lilikuwa langu, na barua iliyosema hakuandika niliiandika mimi huku nikijua. Sauti yangu haikutetemeka, na nilijichukia kwa hilo. Kikongwe mmoja akasema, "Laa ilaaha illallah," akaendelea kulitaja polepole. Nilingoja wanitukane. Ningeshukuru.

Aliyesimama ni mwanamke wa umri wa kunizidi kidogo au wa kunikaribia, mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa amekaa pembeni kabisa karibu na mlango kama mtu asiye na uhakika kama ameruhusiwa kuingia. Mwajuma akaninong'oneza kwamba yule ni Zaituni. Hakunitazama mimi hata mara moja. Alimtazama Mwajuma.

"Kila asubuhi tulikuwa tunakutana kwenye bomba la maji," akasema. "Tangu arudi kutoka Gairo. Alikuwa anapunguza mwendo akifika nilipo, ananingoja nimwamkie. Mimi namwangalia usoni, napita." Akaihamisha mbeleko bega, mtoto akaguna. "Mtu mzima yule. Sikumpa shikamoo yake hata siku moja."